Maswali ya wasomaji: aspirini, antena na kinyama cha kipimo

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Mbagala, mimba ya kwanza nlipata presha nikavimba mpaka uso, nikazalishwa wiki ya 33, mtoto Alhamdulillah yupo ana miaka minne saivi. Sasa nna mimba nyingine wiki 12, kliniki wameniandikia junia aspirini (ile ya dozi ndogo) na kalsiamu vidonge vitatu kwa siku. Mama mkwe anasema aspirini inatoa mimba. Shoga yangu nae kasema kuna utafiti umefanyika hapahapa Dar ukaonyesha kidonge kimoja cha kalsiamu kinatosha. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Msikilize aliyekuandikia dawa, ila ngoja nikueleze kwa nini maana "fanya ulivyoambiwa" haijawahi kumshinda mama mkwe.

Hiyo presha ya mimba, ambayo ikikomaa ndo inakuwa kifafa cha mimba, huwa inaanzia mbali kabla hujavimba. Zile wiki za mwanzo mishipa inayolisha kondo la nyuma inatakiwa itanuke, kwa wengine haitanuki vizuri, halafu matokeo unayaona mwezi wa sita wa saba huko. Ndo maana aspirini inaanzwa mapema, kuilinda mimba sio kuitoa, wala sio ukishavimba. Kuna utafiti ulitoka 2017, kina mama 1,776 ambao walionekana wako kwenye hatari kubwa, nusu wakapewa aspirini miligramu 150 kila usiku kuanzia wiki ya 11 mpaka 14 hivi, wakaacha wiki ya 36, nusu nyingine kidonge kinachofanana lakini hakina dawa. Waliopata presha hiyo kabla ya wiki ya 37 upande wa aspirini walikuwa asilimia 1.6, upande wa pili 4.3. Kwa ile inayokuja mimba ikishatimia haikuonekana tofauti ya maana, nasema ukweli wote. Lakini wewe mtoto wako alitoka wiki ya 33, hilo kundi linakuhusu kabisaa.

Sasa shoga yako. Hajakudanganya, utafiti upo, ulitoka 2024, Dar kina mama 11,000 na India wengine 11,000, wengine walipata miligramu 500 za kalsiamu kwa siku wengine 1,500 bila mwenyewe kujua yuko kundi gani. Hapa Dar waliopata presha ya mimba walikuwa asilimia 3.0 kwa dozi ndogo na 2.7 kwa dozi kubwa, yani karibu sawa. Habari njema sana, nani anapenda kumeza midonge mitatu kila siku na kichefuchefu hiki cha mimba. Ila hao wote walikuwa wa mimba ya kwanza! Wewe ni ya pili na ya kwanza ilikuletea shida, hukuhesabiwa mle. Kwa hiyo usijipunguzie mwenyewe, nenda nalo kliniki kama swali, waangalie wenyewe. Na kichwa kikigonga hakiachi, au ukaanza kuona maruwiruwi, au tumbo kuuma juu upande wa kulia, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali hata usiku.

SWALI: Dokta habari za kazi. Mimi dereva boda Tandika, niligongwa mguu ukavunjika chini ya goti mfupa ukatokea nje. Wameniwekea antena, vile vyuma vya nje ya mguu vinavyoshika mfupa kwa pini. Mshkaji wangu alivunjika kama mimi yeye kawekewa chuma cha ndani na anatembea. Mimi ndo nimewekewa cha maskini au?

JIBU: Pole sana kaka. Hapana. Hili swali mpaka lilishafanyiwa utafiti pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, majibu yakatoka 2020, watu wazima zaidi ya 200 wenye mvunjiko kama wako wa mfupa kutokeza nje, wakagawanywa kwa bahati nasibu huyu antena huyu chuma cha ndani. Baada ya mwaka wakaangalia nani kafariki au karudishwa theta kwa usaha, mfupa kutounga au kuunga upande, hakukuwa na tofauti ya kueleweka kati ya makundi. Wa chuma cha ndani mwanzoni mwanzoni walikuwa na nafuu zaidi, na mifupa yao ilinyooka vizuri zaidi, kwa hiyo mshkaji wako kutangulia kutembea sio ajabu.

Kwa mfupa uliochungulia nje kinachoamua sana ni kidonda kilioshwaje na antibayotiki ilianza lini. Wewe kazi yako ni kusafisha pale pini zinapoingia kama ulivyofundishwa, na ukiona usaha au homa wahi. Nati usiziguse. Najua nyie wa boda mna spana, namaanisha.

SWALI: Dokta, mama yangu alikatwa kinyama cha kipimo kwenye titi, majibu tumesubiri wiki tatu, ni saratani. Sasa wanataka tena hela ya kipimo kingine cha hikohiko kinyama. Wanatupiga? (Binti, Tabata)

JIBU: Poleni sana binti, na mpe mama pole zangu. Hawawapigi. Kile kinyama kinakaa kwanza kwenye fomalini, kwa titi angalau saa 6 na isizidi 72, kisha kinakaushwa maji, kinagandishwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba kuliko unywele, vinapakwa rangi ndo mtaalamu anaviangalia kwa hadubini. Hapo anajua ni saratani. Hajajua ya aina gani, na dawa zinafuata aina. Kipimo cha pili kinatafuta kama seli zinaitikia homoni, hapo kuna dawa ya kumeza inaitwa tamoksifeni, na kama zina HER2 nyingi, yani protini inayozichochea seli za saratani kukua. Dawa ya HER2, trastuzumab, iliruhusiwa Marekani 1998 kwa wanawake wenye HER2 nyingi tu, ambao kwenye saratani ya titi ni kama asilimia 15 mpaka 20. Ukimpa asiye nayo unachoma hela, na dawa yenyewe inaweza kusumbua moyo.

Mama hakatwi kinyama kingine kwa kipimo hiki, nta ileile inatosha mara nyingi. Mkihamia hospitali nyingine ulizieni hiyo nta muende nayo, msibebe karatasi ya majibu peke yake. Na siku ikitokea mmepewa sampuli mbichi muipeleke maabara wenyewe, msiitoe kwenye kopo lake wala msiiweke kwenye maji au friza, hakikisheni jina la mama liko kwenye kopo lenyewe, maana mfuniko ukitoka na jina limetoka.