Protini "yenye inapungua"

Mwalimu wa baiolojia wa Nakuru ananiandikia kwamba anawaandalia wanafunzi wake maelezo ya Kiswahili kuhusu yai la nzi wa matunda, na amekwama kwenye neno moja. Sentensi yake ni hii: "Protini yenye inatengenezwa upande wa kichwa na yenye inapungua ikielekea mkiani." Huko kupungua, anauliza, akuite gradienti, mwinamo au mteremko?

Mwalimu, neno nitakupa. Lakini kwanza tumalizane na hiyo "yenye", maana imenikaa kooni miaka mingi.

-Enye ni neno la kumiliki. Ndilo lililotupa mwenyeji, yaani mwenye mji, na Mwenyezi, mwenye enzi. Baada yake huja jina: yai lenye protini, nzi mwenye mabawa. Hata kitenzi kikitaka kukaa hapo lazima kwanza kivae ku- kiwe jina: protini yenye kupungua. Sasa "yenye inapungua" inamiliki nini?

Simama steji ya Kisumu asubuhi usikilize: "Gari yenye inaenda Busia ni hii!" Gari lenye makanga, naam. Gari lenye abiria 14, sawa. Gari lenye kioo kilichopasuka, hilo nimelipanda sana. Lakini gari linalokwenda Busia halimiliki kitu hapo, linakwenda tu. Kiswahili kimetia -lo- ndani ya kitenzi chenyewe, silabi moja, kazi imeisha. Na lisipotoka leo, ni gari lisilotoka. Tazama hiyo -si- ilivyojipenyeza katikati bila kelele! Anayesema "gari yenye haitoki" ameitupa jalalani, na mimi inaniuma. Makanga simlaumu: ana dakika chache za kujaza gari, na abiria wamemwelewa. Ubaoni ni kwingine. Ukiandika "yenye inapungua", darasa zima linanakili, na mwakani nitaikuta kwenye insha.

Protini yako nayo ni inayopungua. Ukishindwa na -yo- hiyo, tumia ambayo. Ni ndefu, lakini ni halali.

Haya, neno lako. Chukua mteremko wa ukolezi. Ukolezi umetokana na kukolea, kule kwa chumvi kwenye mchuzi. Mteremko unaujua wewe unayeishi chini ya mlima Menengai. Mwinamo waachie watu wa hesabu. Gradienti nitaivumilia, mradi usiitangulize. Mteremko wenyewe ulibainishwa mwaka 1988 na wanabiolojia Wolfgang Driever na Christiane Nüsslein-Volhard huko Tübingen, Ujerumani, na ningeueleza darasani hivi:

"Katika yai lenye urefu wa takriban nusu milimita, ujumbe wa jeni ya bikoidi (maagizo ya kutengeneza protini yake) uliowekwa na mama hushikiliwa katika ncha ya mbele. Yai likishatagwa, protini inayotengenezwa hapo husambaa kuelekea nyuma huku ikivunjwa njiani. Haizuiwi na kuta, kwa sababu viini vinavyobeba jeni, ambavyo vinaendelea kugawanyika, bado havijatengwa kila kimoja katika seli yake. Kila inapopita sehemu moja ya tano ya urefu wa yai, kiasi kinachobaki ni zaidi kidogo tu ya theluthi ya kile kilichokuwapo. Viini vinavyopata protini nyingi huelekea kujenga kichwa; vinavyopata ya wastani, kifua. Kiinitete kilichotoka kwa mama asiye na jeni hiyo hakiundi kichwa wala kifua."

Soma tena, Mwalimu. -Enye imo mara moja tu, na imekaa kwenye urefu.