Waya za meno: kukazwa kwa nguvu hakukumalizishi mapema

Mleta uzi anatokea Karatu na amefungwa waya hapa Arusha. Anauliza kama ni hatari jino la mbele kuanza kucheza wiki ya pili, na kama anaweza kuomba akazwe kwa nguvu zaidi ili apunguze nauli.

Mkuu, kucheza kidogo ni kawaida. Hilo la kukazwa zaidi, usiombe.

Mzizi wa jino haujagandana na mfupa. Katikati kuna utando wa nyuzi wenye unene wa kama milimita 0.2, umejaa mishipa ya damu na seli. Waya ikisukuma, upande mmoja utando unabanwa na seli zinazoitwa osteoklasti zinamumunya mfupa. Upande wa pili unavutwa na osteoblasti zinajenga mfupa mpya. Yaani tundu lote linahama, jino likiwa ndani yake. Kwa kipindi hicho nafasi ya utando inapanuka, ndiyo maana jino linacheza.

Nguvu ikiwa ndogo, damu inaendelea kupita na mfupa unaanza kuliwa ndani ya siku 2 hivi. Ukikaza sana, mishipa inafungwa na seli za pale zinakufa. Sasa osteoklasti inabidi zitokee kwenye uboho, nyuma ya sehemu iliyokufa, zichimbe kuja mbele. Hiyo ni siku 7 hadi 14, jino halijasogea na wewe unaugulia tu. Kibaya zaidi ni mzizi wenyewe kuliwa, na mzizi ukishakuwa mfupi haurefuki tena.

Nguvu zinazohitajika ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: gramu 35 hadi 60 kuinamisha jino, 70 hadi 120 kulisogeza mzima na mzizi wake, na 10 hadi 20 tu kulizamisha ndani ya mfupa, kwa sababu hapo mzigo wote unaangukia ncha ya mzizi. Kwa wastani jino linatembea kama milimita 1 kwa mwezi. Kukuita kila baada ya wiki 4 hadi 6 ni kuupa utando nafasi ya kujitengeneza. Wanaovaa raba (mipira midogo ya kuvuta meno inayofungwa kwenye waya) mbili badala ya moja wanafanya kosa lile lile, na anayezivaa usiku tu wakati ameambiwa kutwa nzima naye hafiki.

Maumivu huanza saa chache baada ya kukazwa, yanakolea siku inayofuata, yanaisha ndani ya wiki. Kunywa mtori, mahindi ya kuchoma yaache kabisa. Dawa iwe paracetamol: mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500, visizidi 8 kwa saa 24. Ibuprofen na diklofenaki zikimezwa mfululizo zinapunguza prostaglandini, kemikali za mwili ambazo ndizo zinazoziita osteoklasti kazini.

Rudi kwa daktari bila kusubiri tarehe kama jino linazidi kulegea kila wiki, linagongana na la taya ya pili ukifunga mdomo, limebadilika rangi, au fizi inatoa usaha. Ugonjwa wa fizi lazima utibiwe kwanza. Kulisukuma jino kwenye fizi iliyovimba ni kupoteza mfupa moja kwa moja.

Kwa waliokulia maji ya maeneo kama Maji ya Chai au Ngarenanyuki, huku Arusha, wenye meno ya kahawia: floridi iliyozidi kwenye maji hayo, inayoleta rangi hiyo, haizuii jino kutembea, ila braketi (vile vishikio vya waya vinavyogundishwa kwenye jino) hubanduka kirahisi, kwa hiyo mwambie daktari mapema aandae uso wa jino ipasavyo. Braketi ikibanduka, jino hilo halisukumwi tena, na linaweza kuanza kurudi lilikotoka.

Na usije ukafurahia kutolewa waya ukaitupa riteina, kile kifaa cha kuyashikilia meno yasirudi. Nyuzi za ndani ya tundu huchukua miezi 3 hadi 4 kujipanga upya, lakini zile za shingo ya jino, juu ya mfupa, zinaweza kufika mwaka mzima au zaidi zikiendelea kulivuta, hasa jino lililokuwa limezungushwa.