Wenyeji, wazawa au wakazi wa asili?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza. Wanafunzi wangu wameandika insha kuhusu watu waliotangulia kuishi Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Mmoja kawaita "wazawa", mwingine "wenyeji", wa tatu "wakazi asili". Nani kapatia?

JIBU: Mwalimu, nianze na "wazawa", maana ndilo linalopotosha zaidi. Mzawa ni aliyezaliwa mahali, basi. Mtoto wa Kihaya aliyezaliwa Nansio ni mzawa wa Ukerewe, hata kama wazazi wake wamehamia juzi. Halafu magazeti yamelizoesha neno hili kazi nyingine: "wachezaji wazawa" na "kampuni za wazawa" ni za Watanzania, si za wageni kutoka nje ya nchi. Kote huko hakuna panaposemwa nani alitangulia.

"Mwenyeji" lina uzito zaidi, kwani ni mwenye mji. Hata hivyo, aliyekupokea stendi ya Nyegezi ni mwenyeji wako ingawa kwao ni Musoma, na ukimuuliza mtu njia pale Kirumba atakujibu, "Samahani, mimi si mwenyeji hapa," yaani hapafahamu tu. Mwanafunzi wa pili ataeleweka, ila hoja ya kutangulia hajaifikisha.

Wa tatu ndiye aliyelenga, akateleza kwenye sarufi. Asili ni nomino, kwa hiyo ni "wakazi wa asili" au "wenyeji wa asili". Akitaka kivumishi kipo: wakazi asilia, kama tusemavyo gesi asilia.

Hapo sasa ndipo ninapoomba uangalifu mkubwa. Ukoo wa Wasilanga, waliokuwa watemi wa Ukerewe, husimulia kwamba walitoka Ihangiro, magharibi ya ziwa, wakawakuta watu kisiwani. Baadaye Wajita nao wakavuka kutoka Majita. Ukiandika kwa mkupuo kwamba Wakerewe ndio wenyeji wa asili, umewameza wale waliokutwa, na kuwafuta watu kwenye historia yao si jambo dogo. Ningewahimiza vijana wategemee vitenzi: waliotangulia, waliokutwa, waliofika, waliofuata. Kitenzi humlazimisha mwandishi aseme nani alimkuta nani, na lini.

Huyo wa tatu mrudishie insha aongeze "wa", kisha aeleze ni asili ya tangu enzi gani. Akilijibu hilo, mpe alama zote.