Kabla ya kukodi baa Uingereza, uliza habari ya bia

Dada, umeuliza kama uchukue ile baa ya Leicester upike pilau na mishkaki, kwa kuwa kodi ya pango ni ndogo. Kodi hiyo isikudanganye. Kinachonitia hofu ni mkataba: baa nyingi hubanwa na mkataba zinunue bia kwa mwenye jengo tu, tena kwa bei yake. Mtake akujibu hilo kwa maandishi kabla hujatia saini.

Halafu wafanyakazi. Tangu Aprili 2025 mwajiri hulipa bima ya taifa, yaani mchango wa lazima kwa serikali, asilimia 15 ya mshahara unaozidi pauni 5,000 kwa mwaka. Zamani ilikuwa 9,100. Hata mhudumu wa wikiendi anaweza kuguswa. Ipo nafuu ya waajiri inayopunguza mchango huo, hadi pauni 10,500 kwa mwaka, usiache kuiomba. Umeme wa biashara nao hauna ukomo wa bei kama wa nyumbani. Tafadhali, akiba ya watoto usiiguse.