Barua ya kuachishwa kazi: tazama neno kabla ya kutia sahihi

Nyinyi mnaoanza kazi, iwe bandarini Kilindini, hoteli za Nyali au maghala ya Shimanzi, sikilizeni. Mtaani tunasema fulani kapigwa kalamu, kamwaga unga, kibarua chake kimeota nyasi, yakaisha. Barua haisemi hivyo. Barua huja kwa Kiingereza, na neno lililomo ndilo linaloonyesha utatoka na nini mkononi.

Ukikuta "redundancy", nafasi yenyewe imeondolewa na wewe huna kosa. Hapo kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka upewe notisi isiyopungua mwezi mmoja au mshahara wa mwezi huo, ulipwe likizo uliyobakisha, na juu yake "severance", yaani fidia ya kuondolewa, isiyopungua malipo ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza. Afisa wa leba naye lazima aarifiwe. "Summary dismissal" ni kinyume chake: unadaiwa kosa kubwa, na notisi hupati au imekatwa. "Termination" ndilo neno la kila siku, na peke yake halikuambii kitu. Shuka chini utafute sababu.

Kwa watu wa hoteli, hili ndilo huwaponza. Masika ikiingia wageni wanapungua, na wafanyakazi nao wanapunguzwa. Nimekaa kwenye usaili nikamsikia kijana wa jikoni, fundi hasa, akiulizwa kwa nini aliacha kazi, akajibu "I was fired". Wenzangu wakatazamana, mmoja akalipigia jina lake mstari. Kumbe hoteli ilifungwa kwa ukosefu wa wageni! Jibu lake lilikuwa "I was laid off". "Fired" na "sacked" mwachie aliyefukuzwa.

Walinzi nao wana lao. Kwenye daftari la zamu, "relieved at 0600hrs" maana yake mwenzako amekupokea, nenda zako ukanywe chai na mahamri. Lakini "relieved of his duties" ni kufutwa kwa lugha ya adabu. "Let go" pia ni ya adabu, nami siipendi, maana inaficha kama ulikosa au hukukosa. Ukiambiwa hivyo, omba sababu kwa maandishi.

"Suspended" si msiba, umesimamishwa tu ukisubiri uchunguzi, bado hujafutwa. "Show cause" ni barua ya kukutaka ujieleze. Ijibu kwa maandishi kabla ya siku iliyotajwa, ubaki na nakala.

Na usione haya kusema Kiingereza hiki hukukielewa. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri anayekusudia kukuachisha kwa kosa, utendaji mbovu au afya akueleze sababu kwa lugha unayoifahamu, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua. Wengi hapa Mombasa huitwa ofisini peke yao, wanasomewa barua mbio mbio, wanapewa kalamu. Mwite mwenzako. Ukilazimika kutia sahihi, andika kando yake "received" na tarehe, yaani umeipokea tu, "accepted", yaani umekubali, usiandike. Kisha, ikiwa umefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, dai "certificate of service" yako, yaani cheti cha kuonyesha ulifanya kazi hapo, hata kama mmeachana kwa ugomvi.