Usikimbilie kisima

Mara ya kwanza nilipotumwa kijijini kufuatilia ugonjwa wa kuharisha, nilishuka kwenye pikipiki jibu ninalo. Kisima kiko wazi, ng'ombe wanakunywa pembeni, kamba ya ndoo imejaa tope. Mwenyekiti wa kitongoji alinipeleka huko kabla hata hatujaketi. Nikapoteza siku 2 hapo.

Kilichonizindua ni daftari la zahanati. Nilinakili kila mgonjwa: umri, kitongoji, anateka wapi maji, siku tumbo lilipoanza kuendesha. Karibu wote walianza ndani ya siku 3 zilezile, na baadhi walitoka kitongoji cha juu, chenye bomba. Mtu wa bomba hashuki bondeni kuteka maji ya tope. Kipindupindu, nilichokihofia, huchukua saa chache hadi siku 5 tangu mtu ameze vimelea mpaka aanze kuharisha. Nikahesabu kurudi nyuma, nikauliza wiki ile kulikuwa na nini. "Hakuna kitu, daktari." (Mimi ni bwana afya tu, lakini ukibeba begi kijijini unaitwa daktari.)

Wewe unayeanza kazi hii, pita pia kwenye nyumba ambazo hazijaugua. Mimi nilipata jibu kwa bibi mmoja anayeteka kisima kilekile, na nyumbani kwake hakuna aliyeugua. Nilimwamkia, nikamuuliza kama wanachemsha maji. Akacheka.

"Mwanangu, kuni za kuchemshia maji nizitoe wapi? Sisi hatukwenda msibani tu. Wale tuna kesi nao ya mpaka wa shamba."

Kumbe kulikuwa na msiba. Kijana alirudi kutoka kambi ya wavuvi akiharisha, akafariki, na wanawake waliomuuguza na kufua mashuka yake ndio haohao waliopakua wali wa waombolezaji. Wafiwa walinyamaza kwa kuogopa kuambiwa wameua watu, na majirani wakawasitiri. Tangu hapo siulizi nani kaleta ugonjwa. Nauliza mlikula wapi pamoja, nani alipika, maji ya kunawa yalitoka wapi. Huanza na akina mama, wanaume wakiwa mbali kidogo. Na neno kipindupindu silitamki mbele ya watu kabla maabara haijajibu. Likishatoka, wagonjwa hufichwa ndani.

Kosa langu jingine lilikuwa sampuli. Kinyesi kichukuliwe kabla mgonjwa hajapewa antibiotiki. Nilipokumbuka, wengi walikuwa wameshameza dawa, nikaambulia sampuli 2. Matibabu yenyewe hayangoji maabara: ORS, yaani maji yenye chumvi na sukari ya kunywa, ianze saa ileile, na aliyelegea kabisa apelekwe kuwekewa dripu.

Kisima nacho tulikitia klorini na kukifunika, maana uchafu wake ulikuwa wa kweli hata kama safari hii kilisingiziwa. Yule bibi nilimwachia vidonge vya kutibu maji. Kesi ya mpaka inaweza kuisha kabla ya msiba ujao.