Ligi ikisimama, hela ya mteja inakwenda wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina kibanda umiza, kiingilio ni shilingi 500. Ligi ya Uingereza ikisimama kupisha timu za taifa, ukumbi unakuwa mtupu wiki mbili. Wateja wanapeleka wapi hela yao, na je, niendelee kulipia king'amuzi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu yetu, mteja wako halipii mpira peke yake. Analipia kutoka nyumbani, kukaa na wenzake na kubishana. Kwa hiyo ligi ikisimama, ile 500 inatawanyika: bando, meza ya pool, soda kijiweni, au inabaki mfukoni. Hiyo ya mfukoni ndiyo ya kuiwinda. Weka mechi za Taifa Stars, na Ligi Kuu Bara ikirudi mapema, anza nayo.

Matangazo yakikatika ghafla mambo ni tofauti, kwa sababu mtu tayari ana hamu na anakimbilia kilicho karibu. Kenya, tarehe 30 Januari 2018, serikali ilipozima Citizen, NTV na KTN, vituo hivyo viliendelea kurusha kupitia intaneti. Aliyezoea kutazama bure akalazimika kuwa na bando, na video ya ubora wa kati hula kama nusu GB kwa saa.

Sasa king'amuzi. Kifurushi cha mwezi huhesabu siku, hakihesabu mechi. Tuseme unalipa 100,000: unahitaji viingilio 200 kurudisha hela hiyo tu, bado umeme na pango. Wikiendi mbili zikiwa tupu, hao 200 lazima wapatikane katika mbili zilizobaki. Kikiisha ligi inaposimama, usilipie siku hiyohiyo. Subiri hadi jioni ya kuamkia mechi ya kwanza. Usingoje saa ya mechi yenyewe, maana malipo huchelewa kusoma wengi wanapolipa pamoja. Ukishalipa, acha king'amuzi kikiwa kimewashwa, kwani kikizimwa hakipokei amri ya kufunguliwa. Na kiwe kifurushi cha biashara: cha nyumbani hakiruhusu kutoza kiingilio.

Mvua kubwa ikikata mawimbi katikati ya mechi, rudisha kiingilio au toa karatasi ya mechi ijayo watu wakiwa bado wamekaa. Akishatoka nje, redio ya simu inamtangazia mechi bure.